Tembo Aliyezungushiwa Nchi Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati mawe yalikuwa hayajui ni ya nchi gani, bondeni palikuwa na chemchemi moja, na wote walikunywa hapo. Siku moja Tembo akaburuta mkonga wake mchangani, brrruuu! Akachora mstari.

"Huku ni nchi ya Tembo!" akatangaza. "Kule ni nchi ya Faru. Chemchemi ni yetu!" Akajilaza palepale kando ya maji.

Mnadhani Faru aligombea maji? Wapi! Alifurahi kupata nchi. "Mkishikwa na kiu," akawaambia wanyama wadogo wa upande wake, "wachukieni wa ng'ambo." Kisha akawatuma wakamlimie viazi.

Sasa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, aliishi upande wa Tembo, na alikuwa na rafiki ng'ambo kwa Faru, Bi Nungunungu, mwenye watoto wanne. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu. Pimbi alishindwa kuvumilia. Akajaza kibuyu, akavuka mstari, nyatu, nyatu, nyatu.

Kumbe Tembo kamwona!

"We Pimbi! Unawanywesha adui?"

"Adui gani, Mtukufu? Huyu mama ndiye aliyenilelea wanangu nilipougua."

"Msaliti! Umeisahau nchi yako?"

"Nchi yenyewe ni ipi, Mtukufu?"

"Nchi ni mimi!" Tembo akapiga mguu chini, du! "Kesho mtaizungushia nchi ua wa mizinga ya nyuki. Kamba moja iunganishe mizinga yote. Atakayeigusa atajuta!"

Maana Tembo, wanangu, haogopi kitu kama nyuki kuingia mkongani. Akadhani anachokiogopa yeye kinaogopwa na wote. Hakukumbuka kwamba Pimbi hupita chini ya kamba hata bila kuinama.

"Tuizungushie nchi yote?" Pimbi akauliza kwa adabu.

"Yote!"

"Isibaki hata kidogo nje?"

"Hata ukucha!"

"Basi, Mtukufu, njoo ukae pale kilimani, wote wakuone."

Kesho yake Tembo akapanda, akajitandaza, na jua la mchana lilipomchoma akasinzia. Hapo wadogo wa pande zote mbili wakakusanyika. Bi Nungunungu akachimba mashimo ya nguzo. Ngedere wakatundika mizinga. Pimbi akafunga kamba. Ko! Ko! Ko!

Tembo akazinduka. "Ala! Mbona ua uko puani pangu?"

"Si ulisema nchi ni wewe? Tumeizungushia yote. Hata ukucha haujabaki nje."

Tembo akanyanyua mguu. Kamba ikatikisika kidogo tu. Zzzzzz! Mguu ukarudi chini polepole.

Faru akaja mbio, kifua kimejaa wivu. "Tembo amejengewa ua wa fahari! Mimi je?"

"Nchi yako ni ipi, Mtukufu?" akauliza Bi Nungunungu.

"Ni mimi, nani mwingine?"

Ko! Ko! Ko!

Watoto wa Nungunungu wakakimbilia chemchemi, wakanywa, gubu! gubu! mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama yao alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

"Pimbi awe mkuu wetu!" Ngedere wakapiga kelele.

Pimbi akaitupia jicho kamba iliyobaki. "Jamani! Mnataka kunifungia na mimi?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Naye, kwa kuwa hana mkia wa kufagilia, akaufuta ule mstari kwa makalio, srrr, srrr, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Msiwahurumie sana wale wawili. Majani na maji walipelekewa kila siku, kwa sababu wadogo hawakumtakia mtu kiu. Nao wakabaki kilimani wakitukanana, nchi mbili, kila moja na raia wake mmoja.

Basi hadithi nimeiteremsha hapa, aibebe anayetaka: akikuambia mtu umchukie jirani mwenye kiu, tazama kwanza yeye amelalia nini.