Matanga ya Fisi Aliye Hai

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa jiko, pakawa moshi, pakawa mlaji asiyelipa.

Basi alikuwapo Bi Kindi, mpika vitumbua. Chwaaa, anamimina unga. Chwaaa, anageuza. Na alikuwapo Fisi, mtani wa kijiji kizima. Mnaujua utani wa kwetu: mtani akichukua chako, unacheka. Anayekasirika ameuvunja utani, na mvunja utani hurudisha vyote alivyowahi kuchukua.

Fisi akaja kwa Bi Kindi. "Mtani, leta." Nyam, sinia tupu. Akaenda kwa Kobe, mfinyanzi. "Mtani, leta." Chungu kikaondoka. Akaenda kwa Kanga, muuza mayai. "Mtani, leta." Kikapu kikaondoka. Wote wakacheka, huku mioyoni wamenuna. Jamani, mmoja anakula soko zima na watu wanamchekea. Mimi nilishangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo.

Bi Kindi akabaki na kibaba kimoja cha unga wa mchele. Hicho kikiisha, kibanda kitafungwa na wanawe watalala njaa. Kobe akashauri utani ufutwe. Bi Kindi akakataa. Utani ukifutwa, nani atatuzika? Maana kwetu mtani ndiye mchimba kaburi, ndiye anayemwigiza marehemu, na ndiye mwenye ruhusa ya kubeba vitu vyake. Alipofika hapo Bi Kindi akatabasamu.

Kesho yake Fisi akatoka kwenda kula. Kurudi, anasikia kilio nyumbani kwake. Kijiji kizima kimejaa uani. Kobe kavaa kanzu ya Fisi, anatembea akichechemea kama yeye. Kanga anatoka na kitanda.

Fisi akapigwa na butwaa. Akauliza, "Nani amekufa?"

"Wewe," Bi Kindi akamjibu kwa upole. "Pole sana."

"Mimi ni mzima."

"Marehemu alipenda mzaha," Kobe akasema, na watu wakaangua kilio upya.

Kwaru, mlango ukang'oka. Kwaru, mabati yakashuka. Kwaru, nguzo zikafuata. Fisi macho yalimtoka. Akafungua kinywa afoke, akakumbuka: akikasirika, atarudisha vitumbua vyote, vyungu vyote, mayai yote. Akacheka. Hii-hii-hii. Alicheka huku analia, na mimi sijawahi kuona kicheko cha kutisha kama kile.

Mabati yakapelekwa sokoni, likajengwa banda moja la wote. Mvua ikanyesha. Fisi, hana nyumba, akaja kujikinga chini ya bati lake mwenyewe. Akanusa vitumbua. "Mtani, leta."

"Marehemu hali, mtani," Bi Kindi akasema.

 Fisi akavuta mbuzi, akakalia, akaanza kukuna nazi. Mpaka leo anakuna, na jioni hupewa chakula chake kama wenzake.

Funzo lenu ni hili: mila hujenga soko. Mtu wa biashara asiitupe, na majirani zake awajue.

Ngano yangu naiepua jikoni, aliyeungua ulimi apulize. Nanyi watani wangu, nitanieni mtakavyo, ila mabati yangu bado nayahitaji.