Malimbuko ya Chungu cha Shuweikha

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tisa ya Mfunguo Pili, saa nne na robo ya asubuhi, Sultani Mudhafari wa mji wa Zahurani alipoinama kupita mlango mfupi wa kiwanda cha Shuweikha binti Sarahani, na nyuma yake waziri Dahmani, na askari wanne, na mwonjaji wa vinywaji vya jumba. Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja: chungu cha shaba, mrija uliopita ndani ya pipa la maji baridi, na chini ya chungu, mahali pa kuni, jini aitwaye Ghadhabani, ambaye marehemu baba yake Shuweikha alimfunga ili awe moto wa nyumba ile. Na jini huyo alikuwa na tabia moja: bibi yake akikasirika, naye huwaka zaidi. Na mvinyo mkali hautaki moto mkubwa, bali hukenekwa polepole, mvuke wake ukipoa mrijani tone baada ya tone, kwa hiyo Shuweikha alijizoeza kumeza hasira zake tangu usichana.

Na hasira alikuwa nazo. Kwa sheria ya Zahurani malimbuko yote ni ya Sultani: maziwa ya kwanza, tende za kwanza, na mtoto wa kwanza wa kila nyumba. Mwonjaji yule aliyesimama mlangoni, macho chini, alikuwa Hilali, kaka yake wa tumbo moja, aliyechukuliwa angali mdogo akafundishwe kunywa kabla ya Sultani, ili sumu ikiwamo afe yeye.

Sultani alionja mvinyo wa tende, kisha wa ganda la chungwa, kisha wa tangawizi, kila kikombe baada ya Hilali kupiga funda na kungojewa. Waziri naye hakuachwa nyuma.

"Huu wa tangawizi," akasema Sultani akifuta ndevu, "umenipiga kofi kisha ukaniomba radhi."

"Ndiyo adabu yake, maulana."

Wakati huo mrija ukaanza kudondosha mvinyo mpya. Shuweikha akakinga kikombe cha kwanza, akakinusa, akakimwaga mchangani.

"We mwanamke!" waziri akapaza sauti. "Umemwaga nini?"

"Cha kwanza, bwana waziri. Ni sumu, hupofusha. Kila mkenekaji hukimwaga."

"Cha kwanza! Maulana, umesikia? Malimbuko yako yananyweshwa mchanga mbele ya uso wako, na huyu mpika tembo!"

"Mpika tembo mama yako," jini akanung'unika chini ya chungu.

Sultani hakucheka. "Kinga kingine sasa hivi. Ukikataa, mkono uliomwaga utakatwa. Mwonjaji, njoo uonje."

Hilali akasogea. "Mkingie tu, dada," akasema taratibu. "Kazi yangu ndiyo hii."

Alisema kama mtu asemavyo mvua inanyesha, na hapo Shuweikha akashindwa kuimeza hasira yake. Moto ukapanda mpaka darini, shaba ikalia, na askari wakabandika migongo ukutani.

"Bibi," jini akauliza kwa furaha, "nianze na nani?"

"Tulia."

Akakinga kikombe, akampita kaka yake, akakisimamisha chini ya pua ya Sultani. "Malimbuko ni yako, maulana, si ya mtumishi. Mtu akionja tende za kwanza kabla yako unamkata kichwa. Hii ni sheria yako. Kunywa."

Sultani akakitazama kikombe, na jasho likamtoka. "Dahmani," akasema, "nipokelee."

"Mimi, maulana? Leo Alhamisi. Nimefunga."

"Umefunga na tangawizi tumboni!" jini akaangua kicheko, na cheche zikaruka.

"Basi," Sultani akasema, "malimbuko haya nimeyasamehe."

"Haitoshi!" Shuweikha akasema. "Mnatunyang'anya cha kwanza chetu, kisha mnakitanguliza penye kifo. Kikombe kimoja kimekutetemesha, na huyu amekunywea kila siku ya maisha yake. Ni wa mama yangu. Mwache, au unywe."

Sultani akautazama moto, akakitazama kikombe. "Mchukue," akasema, akatoka na ncha ya kilemba chake inafuka moshi.

Jioni Sultani akamletea Shuweikha posa na masanduku ya dhahabu. Naye akayarudisha bila kuyafungua. Na wewe unayesikia, shika hili: anayedai cha kwanza cha kila mtu, na akinywe mwenyewe.

Asubuhi yake Shuweikha aliandaa uji, mabakuli mawili. Kabla hajakaa, Hilali alilivuta bakuli la dada yake, akapiga funda moja, akangoja akilisikiliza tumbo lake, kisha akamsogezea.

"Salama," akasema.

Shuweikha akalivuta bakuli la kaka yake, akapiga funda, akamrudishia, akamshika mkono pale jamvini mpaka alipoanza kunywa.