Kwa Nini Kombe wa Sunazaki Hawafanani

Kaeni chini, na anayetafuna atafune kwa adabu, maana habari hii ina maiti ndani yake.

Zamani huko Japani, kombe wote wa ghuba, wale wa magamba mawili wanaokaa matopeni, walikuwa weupe kama wali. Ukimwona mmoja umewaona wote. Ukingoni mwa maji palikuwa na mtaa wa Sunazaki, uliojengwa mahali ambapo kwanza palikuwa bahari. Watu walimwaga humo udongo, takataka na majivu ya nyumba zilizoungua mjini, wakakanyagakanyaga, wakasema sasa hii ni nchi kavu. Bahari ilikaa kama mtu aliyenyang'anywa kiti mbele za watu.

Wanaume wa mtaa huo walikuwa wavuvi, na kila nyumba ilikuwa na kitambaa chake cha kichwa kilichotiwa nili, ile rangi ya buluu: hawa mawimbi, wale nukta, wengine magamba ya samaki. Kitambaa cha mvuvi mmoja, Kanbei, kilikuwa na mistari mitatu, mmoja umekatika katikati, kwa sababu mkewe, Oshige, alikifunga uzi vibaya siku ya kukitia rangi. Otora, mama yake Kanbei, alimsimanga mkwe wake kwa kosa hilo kila kukicha. Kanbei alikivaa tu. Hakuwa msemaji. Hata chakula hakuonja mpaka wenzake wote washibe.

Mwaka mmoja ikaja tufani, na bahari ikaja kudai mahali pake. Wanaume walikwenda kushikilia boma la magogo lililozuia maji. Boma likaenda, nao wakaenda nalo. Hakurudi mtu wala mwili. Maji yalipotoka, ghala la mpunga lilikuwa tope tupu, vyombo vya kuvulia vimekuwa kuni, na ufukoni wamejaa kombe kuliko siku zote. Hakuna aliyewagusa. Walisema hawa wameshiba watu wetu. Watoto wakaanza kulala mchana kwa njaa, wakiitwa hawaamki. Na Otora, ambaye ulimi wake uliutosha mtaa mzima, akanyamaza.

Ukimya huo ndio uliomtisha Oshige. Alichukua kapu akashuka matopeni. Alipomsuuza kombe wa kwanza, aliona mgongoni mawimbi ya nili. Wa pili alikuwa na nukta. Akaita wenzake. Wajane wakaokota, wakatambua michoro ya vitambaa vya waume zao, wakakaa palepale topeni. Oshige alitafuta mstari uliokatika mpaka kapu likajaa, asiuone.

Ugomvi ukazuka, wengi wakitaka kombe wazikwe. Otora akaletwa amebebwa mgongoni.

"Mwanangu alilisha mtaa huu akiwa hai," alisema. "Mnadhani kafika baharini akawa bahili? Mkwe, weka sufuria motoni."

Oshige aliwachemsha kwa vitunguu vya majani na miso, ile soya iliyosagwa ikachachushwa, akamimina juu ya wali mchache uliookolewa darini. Watu walikula wamesimama, wakilia, na hakuna aliyebakiza. Ndani ya sufuria, chini kabisa, alibaki kombe mmoja, mdomo kaufumba. Oshige alimfuta mchuzi. Mistari mitatu, mmoja umekatika.

"Mfungue kwa kisu," alisema Otora. "Wewe si mkewe?"

"Hatafungua mdomo mpaka wote washibe, mama. Wapo ambao hawajala."

Otora aliupapasa kwa kidole ule mstari aliousimanga siku zote. Oshige akamchukua kombe, akatembea mpaka maji yakamfika magotini, akamwachia.

Na tangu siku hiyo kombe wa ghuba ile hawafanani, kila mmoja ana mchoro wake. Wali wa kombe bado unauzwa Sunazaki, vibandani nyuma ya maghorofa, na kombe akigoma kufunguka sufuriani hakuna anayemchokonoa. Mgeni akiuliza, huambiwa huyo kaharibika, atakuumiza tumbo. Na ni kweli. Kisha mpishi hutoka naye kwa mlango wa nyuma, unaotazama maji, na hukawia kurudi.