Kengele ya Sikitu

Nikiita "Kale!", itikieni "Ya kale!" Kale! Haya. Ilikuwa zamani, zamani kabisa, zamani za babu zao babu zangu, nyikani chini ya milima, watu walipoishi kwa upinde na mbwa. Wewe hapo, acha kumfinya mwenzako.

Alikuwako mwindaji, jina lake Sengondo, na mbwa wake jike, Sikitu. Alimwita hivyo kwa sababu alizaliwa kijibwa dhaifu, cha kutupwa. Lakini akawinda, wajukuu zangu, akawinda miaka kumi, na Nakijwa, mke wa Sengondo, hakukosa kitoweo.

Basi Sikitu akaota uvimbe tumboni. Ukakua, ukakua, ukawa kama kibuyu. Mganga akaubonyeza, akatikisa kichwa.

"Huu hauna dawa, Sengondo. Mtoe angali anatembea."

Hamjui maana yake, mtajulia wapi? Wawindaji wale walikuwa na desturi. Mbwa alivishwa kengele ya mti siku ya kuwinda tu. Na mbwa asiyepona, mwenyewe alimvisha kengele hiyo, akaenda naye porini kama siku zote. Mbwa anatangulia mbio, kengele inalia, anapigwa mshale mmoja wa sumu. Anakufa akijua anawinda. Ila sharti aende kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi Sengondo akaitungua kengele kwenye kigingi chake ukutani. Ko-ko, ko-ko. Sikitu akaruka, mkia huku na huku. Moyo wa Sengondo ukalegea.

"Mke wangu, mgonjwa gani huyu? Kesho."

Kesho yake akaitungua. Ko-ko, ko-ko. Sikitu akainuka akiyumba, mkia huku na huku. "Kesho."

Siku ya tatu, ko-ko, ko-ko. Akainuka, akaanguka, akainuka. Mkia huku na huku. "Kesho!"

Nakijwa yakamfika shingoni. "Mume wangu, huko kusimama ndiyo ruhusa anayokupa. Unangoja nini?"

"Nangoja siku atakayoshindwa kuinuka. Hapo nitajua wakati umefika."

Mnaona? Mwindaji mzima, desturi anaijua tangu utotoni, na bado anasema hivyo!

Siku hiyo ikafika. Ko-ko, ko-ko. Sikitu hakuinuka. Sengondo akapiga magoti, akalia bila aibu, akamvisha kengele, akambeba mabegani hadi porini. Kengele haikulia, maana mbwa hakutembea. Ikabidi aitikise kwa mkono wake.

"Sikitu, mama, sikia. Tunawinda. Tunawinda."

Alipomlaza chini, maumivu yakamzidi Sikitu, akamng'ata mkono, yeye ambaye hakuwahi hata kumkoromea. Hakumjua tena. Na mkono huohuo, ukitoka damu, ndio uliovuta upinde.

Watu walimwambia Sengondo, si kosa lako, ni ugonjwa. Jeraha likapona. Lakini alijua zilikuwapo asubuhi tatu, na katika zote tatu Sikitu angekufa anafurahi. Hakufuga mbwa tena. Kila kulipokucha alinyoosha mkono ukutani, kwenye kigingi kitupu, kisha akaurudisha.

Wajukuu zangu, siku ya kumuaga unayempenda haitakuja ikiwa haiumi. Ukingoja isikuume wewe, itamuuma yeye. Muageni angali anawajua.

Kisa nilipewa kikiwa kizito, nami nawatwika hivyohivyo. Kale imekwenda zake, sisi tumebaki. Nipeni maji ninywe.