Beki Kinyonga na Nzi wa Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Naam. Pakawa uwanja, mistari yake ya majivu, milingoti yake vichuguu. Anayetaka kusikiliza akae. Anayetaka kubishana kuhusu mpira angoje nimalize, maana nawajua nyinyi.

— Tumekaa!

Hapo kale, wanyama walikuwa bado hawajaanza kuogopana sana. Bondeni palikuwa na bwawa lililokauka, wakaligeuza uwanja wa mpira. Timu zilikuwa mbili. Wa Juu, yaani wale wakaao mitini, na Wa Chini, yaani wale watembeao ardhini. Kila Ijumaa jua likipoa, walikutana pale, wakatifua vumbi mpaka wakawa hawatambuani.

Beki wa mwisho wa Wa Juu alikuwa Kinyonga. Wewe unayecheka huko nyuma, nimekuona. Kinyonga alikuwa mwembamba na mpole, na mguu wake ulikuwa unafikiri kabla ya kukanyaga. Walimweka beki kwa sababu akishasimama mahali, amesimama. Na alikuwa na mke, Bi Mashavu, kinyonga mzuri kuliko vinyonga wote wa bonde lile, aliyekuwa akikaa kwenye tawi la mgunga pembeni mwa uwanja kutazama mpira.

Mshambuliaji wa Wa Chini alikuwa Fisi. Fisi hakukimbia, hakukaba, hakutoa jasho. Alikwenda kusimama kando ya kipa wa Wa Juu tangu mpira unaanza, ulimi nje, akingoja. Swala ndiye aliyehangaika na mpira uwanja mzima. Halafu Swala anapiga, puu! Fisi anagusa, ti! Goli! Na huyo Fisi anatunisha mgongo kana kwamba amelima shamba.

Wa Juu wakalalamika mpaka sauti zikawakauka. Ndipo akaletwa Bundi awe refa. Bundi alikuwa ameishi kwenye paa la banda la mjini ambamo watu hulipa kiingilio watazame mpira, na sheria zote alikuwa amezisikia zikigombewa chini yake. Akawakusanya, akasema:

"Kuanzia leo hakuna kuotea. Mwenzako anapopiga mpira uje kwako, nasema anapoupiga, siyo unapoupokea, mimi natazama ulipo. Ikiwa uko upande wa adui, umeutangulia mpira, basi kati yako na mstari wa goli wawepo maadui wawili. Kipa, na mwingine mmoja. Ukiwa sawasawa na huyo mwingine, sina neno. Lakini kama kapungua, kabaki kipa peke yake, umeotea. Goli halipo."

Fisi akakuna sikio. "Sijaelewa."

"Nitakueleza kwa lugha yako," Bundi akasema. "Umekwenda kwenye karamu. Chakula bado hakijapakuliwa. Umekaa jamvini, na pale hakuna mtu ila mpishi. Utaitwa nani?"

"Mwenye njaa."

"Utaitwa mdoezi. Sasa ukifika ukamkuta mgeni mwingine ameshakaa pale, nawe ukakaa ubavuni pake?"

Macho ya Fisi yakawaka. "Nitaitwa mgeni!"

"Basi umeielewa sheria."

Aliielewa kuliko wote, mlafi yule. Ijumaa iliyofuata aliingia uwanjani akitafuta mgeni wa kukaa naye. Mabeki wengine wa Wa Juu walikuwa wepesi, wakipanda mbele pamoja na mpira. Aliyebaki nyuma karibu na kipa alikuwa mmoja tu, mguu mmoja hewani, anafikiri. Fisi akaenda akasimama ubavuni pake.

Swala anapiga, puu! Fisi anagusa, ti!

Korongo alikuwa mshika kibendera, yuko kwenye mstari kwa mguu mmoja. Akatazama. Kipa yupo. Kinyonga yupo, sawasawa na Fisi. Kibendera hakikupanda. Goli!

Na kutoka kwenye tawi la mgunga ikasikika sauti nyororo: "Huyo! Huyo! Mwanamume ni huyo!"

Kinyonga alitazama juu. Alikuwa Bi Mashavu.

Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wivu wa Kinyonga ulikuwa na balaa zaidi, maana ulikuwa na rangi. Alianza kuiva miguuni, ukapanda tumboni, ukafika kichwani, mpaka akawa rangi ya tope, uwanja mzima unamwona.

"Kinyonga, panda mbele!" kipa wao akapiga kelele. Kipa alikuwa Komba. "Wewe ndiye unayemhalalisha!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Basi baraka zote zinakwenda kwa Fisi!"

Nyumbani Kinyonga akauliza taratibu, "Mke wangu, leo ulikuwa unamshangilia nani?"

"Mpira."

"Mpira ni mwanamume?"

Bi Mashavu akageuza jicho moja upande wa pili. Jicho lingine akaliacha kwa mumewe, kwa adabu tu.

Ijumaa ya pili, yale yale. Kinyonga alijitahidi kupanda, lakini alipokanyaga hatua ya kwanza Swala alikuwa ameshapiga, puu! Fisi akagusa, ti! Goli! "Huyo! Huyo! Mwanamume ni huyo!" Kinyonga akawa rangi ya masizi.

Fisi akamwinamia, akamnong'oneza kwa ile pumzi yake. "Kaa hapo hapo, ndugu yangu. Ukiwepo wewe, mimi halali. Na nyumbani umsalimie shemeji."

Na shemeji huyo, ndugu zangu, hakuishia kupewa salamu. Kesho yake Fisi alileta mfupa, akauweka chini ya mgunga. Mfupa wenyewe umeoza, umejaa nzi. Mtu mwingine angeudhika. Lakini Bi Mashavu ni kinyonga, na nzi wale walikuwa wanono, wanang'aa. Ulimi ukatoka, chwap! Ukarudi. Chwap! Ukarudi.

"Karibu, mume wangu."

"Mimi sili nzi wa Fisi."

Alinuna kutwa. Bi Mashavu alipogeuka kupanga majani, naye akatoa ulimi, chwap, akala mmoja. Alikuwa mtamu. Alikuwa mtamu kuliko nzi yeyote ambaye Kinyonga amewahi kumletea mkewe tangu waoane. Hapo ndipo wivu ulipomkaba koo, akashindwa hata kummeza vizuri.

Sasa ikakaribia fainali. Fisi akasimama katikati ya uwanja mbele ya wote, akatangaza: "Nikifunga goli la fainali, shemeji Mashavu anahamia kwenye mti ulio juu ya pango langu. Anishangilie kila siku. Mifupa ipo, nzi ni bure!"

Wote wakageuza nyuso kumtazama Bi Mashavu. Kinyonga alimtazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Alingoja aseme hapana.

Bi Mashavu akajipepea na jani. "Akifunga, nitafikiria," akasema.

Nitafikiria! Enyi wanaume mlioko hapa, mnalijua neno hilo. Kinyonga akawa mweusi tii, mweusi wa chungu cha maharagwe, akashuka akaenda kukaa peke yake kwenye kichaka cha miiba. Aliwaza kumpiga Fisi, akatazama mikono yake. Aliwaza kukimbia haraka, akatazama miguu yake. Akawaza kuhama na mkewe, na hilo ndilo lililomwuma, kwa sababu hakuwa na hakika kama mkewe angekubali kufuatana naye.

Akiwa pale akijikuna kwa uchungu, ngozi ikaanza kumtoka. Ulikuwa msimu wake wa kujivua. Ikatoka mkono, ikatoka mkia, ikatoka nzima kama shati. Kinyonga akaitazama. Ilikuwa na kichwa, mgongo na miguu, na ilikuwa imenuna vile vile kama yeye.

"Kumbe," akasema.

Akaishindilia majani makavu mpaka ikanenepa.

Siku ya fainali bonde lilijaa. Mpira haujaanza, Kinyonga akamwomba Komba aitegemeze ngozi kwenye kichuguu cha goli. Ilikuwa imepauka kidogo, lakini nani awezaye kuapa kwamba anaijua rangi ya Kinyonga? Yeye mwenyewe alivaa rangi ya vumbi na kulala katikati ya uwanja. Filimbi ya bua ikalia, priii! Kinyonga hakutikisika. Miguu ilimpita juu, kwato zilimpita kando, mpira ukamruka. Akakaa.

Fisi alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu. Akajinyoosha ubavuni pa ngozi.

"Habari za nyumbani?"

Ngozi kimya.

"Umenuna? Shemeji hajambo? Ameshafunga mizigo?"

Ngozi kimya. Kule katikati Kinyonga alikuwa anayasikia yote, na ilimbidi aung'ate ulimi wake mwenyewe, nao ni mrefu, ili asiive rangi na kuonekana.

Mabeki wa Wa Juu wote walikuwa mbele. Swala akaunyang'anya mpira, akainua kichwa, akamwona Fisi, akamwona na "Kinyonga" pembeni yake. Akapiga, puu! Mpira ukapaa, ukashuka. Fisi akagusa, ti!

"Huyo! Huyo! Mwana..." Bi Mashavu akaanza juu ya tawi.

Kibendera cha Korongo kilikuwa kimesimama wima.

Priii! Bundi akaja akipepesa macho. "Umeotea. Goli halipo."

"Nimeotea nini?" Fisi akaruka. "Kipa huyu! Kinyonga huyu! Wawili! Mimi ni mgeni, si mdoezi! Kinyonga, sema! Mwambie kwamba upo!"

Ngozi kimya.

"Miaka yote unasimama hapa kama gogo, leo ninapokuhitaji unaninyamazia? Sema!"

Ngozi haikusema. Na hasira ya Fisi, kama mambo yake yote, inaishia mdomoni. Akapanua taya. Kwap! Akatafuna, ngwarangwara. Akameza.

Vumbi likatua.

Kisha mgunga ukalia. "Mume wangu! Jamani, ameliwa mume wangu!"

Sasa, Korongo alijua. Maisha yake yote Korongo ni kutazama chini aone kitakachotikisika, na tangu mwanzo alikuwa ameliona vumbi lenye macho mawili. Ndiyo sababu alipandisha kibendera. Akafungua mdomo awatulize watu. "Lakini Kinyonga..."

"Nyamaza kidogo, bwana," sauti ndogo ikasema kutoka vumbini. "Acha nisikie."

Bi Mashavu alikuwa analia kwa kujipiga kifua. "Nani atanibadilikia rangi? Nimeshangiliwa na wengi, lakini nani aliiva tumbo zima kwa ajili yangu? Yule Fisi ana rangi moja tu tangu azaliwe! Nilikuwa namtania, jamani, nilikuwa napenda kumwona akiwa mweusi! Huyo! Huyo! Mwanamume alikuwa huyo!"

Kinyonga alisikiliza. Akasikiliza tena. Nawaambieni ukweli, alisikiliza kuliko ilivyostahili. Halafu vumbi likaanza kuwa kijani. Likawa njano, likawa buluu, likawa na madoa mekundu ambayo hata yeye hakujua anayo. Akasimama katikati ya uwanja anang'aa, mguu mmoja hewani.

Fisi akamwona. Akatazama tumbo lake. Akakohoa, na jani kavu likatoka.

"Refa, sikumla! Ni ngozi tu!"

"Kumla mchezaji ni kadi nyekundu," Bundi akasema. "Kwa kuwa hukumla, naliondoa neno la kadi. Lakini kama ni ngozi tu, basi ulikuwa wewe na mpishi peke yenu. Mdoezi."

Bonde zima likapokea: "Mdoezi! Mdoezi!" Fisi akatoka uwanjani mkia katikati ya miguu, majani yanamtoka puani. Wa Juu wakapiga mpira wao wa adhabu, wakafunga, wakabeba kombe.

Bi Mashavu alishuka mtini. Akamzunguka mumewe. "Ulinisikia nalia?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza?"

Kinyonga alipitia rangi zote bila kupata ya kujibia.

Tangu siku hiyo Kinyonga hutembea hivyo mnavyomwona. Hatua mbele, hatua nyuma, hatua mbele, hatua nyuma, anampima mshambuliaji. Jicho moja liko kwenye mpira. Jicho la pili liko kwenye tawi la mgunga.

Ijumaa iliyofuata aliwaotesha Wa Chini mchezo mzima. Kila filimbi ikilia, kulikuwa na Kipepeo mmoja, mrembo, mgeni hapo bondeni, akirukaruka juu ya uwanja na kuimba: "Huyo! Huyo! Mwanamume ni huyo!"

Kinyonga akageuza lile jicho la pili. Juu ya tawi, Bi Mashavu alikuwa ameanza kuiva miguuni. Wivu ukapanda tumboni. Ukafika kichwani. Akawa mweusi tii.

Kinyonga hajawahi kucheza vizuri kama siku ile.

Ijumaa nyingine Kipepeo hakuonekana. Alipoulizwa, Bi Mashavu alisema hajui, akajifuta mdomo.

Basi mafunzo ni haya, wazazi muwafundishe watoto. Wivu haufai, haujamsaidia mtu yeyote popote. Beki asiondoke mahali alipowekwa. Na mwenye mke mzuri asimsikilize anapomlilia.

Hadithi yangu imefika kwenye mstari wa majivu. Anayeitaka ivuke, aotee yeye.

— Umetufunga!

Goli halali hilo.