Nyegere Apimiwa Viuno vya Nyuki

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mzinga!"

"Wenyewe wapo?"

"Wapo, na miiba yao!"

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako. Hapo kale palikuwa na nyuki mmoja, Chembe, wa wale wadogo wasiouma. Nyumba yake ilikuwa tundu la mgunga, na humo alikuwa na watoto wake na asali ya kulamba tu. Kwenye tawi la juu waliishi jirani zake, nyuki wakubwa, mzinga wao umejaa pomoni.

Siku hiyo akasikia kwaru! kwaru! Kucha mlangoni. Alikuwa Nyegere, mwenye nguvu zake na tumbo lisilojua kushiba.

"Toka, kidudu! Nabomoa! Nakula asali, na watoto nakula!"

"Shikamoo, Mjomba," akasema Chembe. "Asali yangu haitoshi hata kulowesha ulimi wako. Mbona huendi juu?"

"Juu wanauma."

"Wote?"

Nyegere akakuna kichwa. "Wewe mwembamba, na huna mwiba. Basi wembamba hawaumi. Wa kuogopwa ni wanene, kama mimi."

Chembe nusura acheke. Nyuki wanene ni madume, na dume hana mwiba. Anajua kula na kutafuta mchumba tu. Miiba wanayo majike, wenye viuno vyembamba. Na wembamba wa kule juu si ukoo wake hata kidogo. Lakini nani kamwuliza?

"Mjomba una akili," akasema. "Nikupimie viuno?"

"Pima!"

Jua lilikuwa la utosi, wakati ambao madume hutoka kwenda kuchumbia. Chembe akakata unyasi, akakaa mlangoni pa mzinga wa jirani zake. Akatoka wa kwanza, buuu! Chembe akamzungushia unyasi kiunoni.

"Mnene?"

"Mnene, Mjomba, na macho yamejaa uso mzima."

"Apite!"

Akatoka mwingine, buuu!

"Mnene?"

"Mnene, Mjomba. Unyasi haufiki."

"Apite, apite!"

Wakatoka, wakatoka, hata wakaisha.

"Na waliobaki?"

"Wembamba watupu, Mjomba."

"Afadhali!" Nyegere akashusha pumzi, akapanda juu, akachomeka kichwa chote ndani ya mzinga.

Nzziii! Pua! Nzziii! Ulimi! Ngozi yake ngumu, sikatai, lakini pua ni pua. Akaanguka, pu! Akatimua mbio, akajitosa mtoni, chubwi!

"Chembe!" akalia kutoka majini. "Wembamba wanauma!"

"Mimi nilipima tu, Mjomba. Kuogopa nilikuachia wewe."

Chembe akarudi kwake. Akawapapasa watoto, huyu yupo, na huyu yupo, wote wapo. Nyumba nayo imesimama. Lo, raha aliyoisikia! Akaketi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hadithi yangu imeishia mtoni, anayeitaka akaloweke. Na funzo lake ni hili: mwogopeni mnene, mwembamba hana neno. Kwa hiyo shangazi yenu Mwanaidi, huyo mwembamba aliyesimama mlangoni na mwiko, anayewaita tangu mwanzo mkaoshe vyombo, wala asiwatishe. Kaeni tu.