Folda ya Kambi ya Pasaka

Hawa hapa watatu, wapime mwenyewe. Shemsa hasahau alichokifanya. Mwaluko hakwami mbele ya mashine iliyogoma. Bupe haamini kitu mpaka akikague. Wote wanahudumia kompyuta za benki ya damu, na mwaka mzima hakuna aliyepata likizo.

Mchana mmoja umeme ulikatika, kompyuta kuu ikaungua. Ikabaki ya akiba, ambayo hupata taarifa kwa kurudia kila tendo la ile kuu, kwa mpangilio uleule. Ilipowashwa upya ilianza kurudia matendo ya wiki iliyopita, kisha ikasimama: folda ya Kambi ya Pasaka, ile kambi ya kuchangia damu, haipo. Wauguzi wakaanza kupiga simu wakiulizia damu.

Shemsa akafikicha macho. "Hiyo niliifuta juzi, baada ya kuhamisha majina ya wachangiaji. Mashine imerudi nyuma, inatafuta kitu ambacho yenyewe ilishakifuta." Bila yeye wangeisaka folda hiyo hadi jioni.

"Sasa dada, tukaifukue wapi?" Mwaluko akauliza. Akatengeneza folda tupu, akaipa jina lile lile. Mashine ikaipokea, ikasonga mbele. Bila yeye ingeganda pale pale.

Mwaluko akanyoosha mkono kwenye simu awaambie wauguzi mambo tayari. Bupe akamzuia.

"Ngoja, kaka. Mashine isipofika kwenye lile tendo la Shemsa la kufuta, basi folda ilipotea tu, na hii yako tupu inaficha majina yaliyopotea. Mtu atapewa damu isiyo yake."

Wauguzi wakamtukana kwa simu, naye akaendelea kuitazama mashine. Alipoona mashine imeifuta yenyewe ile folda tupu, ndipo akasema, "Haya, waambie." Bila yeye damu ingeanza kutolewa kwa kubahatisha.

Mkuu wao, Mama Kisanga, akaingia. "Nimewaombea likizo. Nimepewa ya wiki moja, ya mtu mmoja."

"Mimi ndiye niliyejua tatizo," akasema Shemsa.

"Kujua kwako hakukuisogeza," akasema Mwaluko.

"Na kuisogeza kwako nusura kuue mtu," akasema Bupe.

"Hata kugombana mnagombana mmekaa," akasema Mama Kisanga. "Mmoja asije kesho. Nitajieni nani."

Simu ikalia. Hakuna aliyenyanyuka kuipokea.

Wewe uliyesikia yote, tena umelala vizuri: nani asije kesho?